Kopo la Mnadani na Kitunguu cha Mang'ola

Mdogo wangu wa Mbulumbulu, barua yako nimeisoma yote. Mama ana presha, anameza dawa za kliniki, na sasa shangazi kamletea kopo la vidonge vya mimea kutoka mnadani Karatu. Ameambiwa vina antioksidanti, vinasafisha damu, vinatibu presha, sukari, hadi matatizo ya uzazi. Unauliza kama aache dawa ajaribu hivyo. Asiache, hata siku moja.

Muuzaji hajadanganya kila kitu, tumpe haki yake. Mimea ina kemikali za kujikinga na jua kali na wadudu, na nyingi, zikiwa kwenye chupa ya maabara, huzuia kweli uharibifu unaoletwa na oksijeni. Sasa, tumbo si chupa. Nyingi hazifyonzwi vizuri, na zinazofyonzwa ini huzibadilisha mapema. Huko Finland wavutaji sigara wanaume zaidi ya 29,000 waliingizwa kwenye jaribio, baadhi wakapewa vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti. Majibu yalitoka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Karoti ya sahani haina kesi hapo. Kilichowaponza ni dozi ya kidonge.

Halafu wewe ni mtu wa Karatu, usiniambie umesahau kikombe! Mwaka 2011 magari yalijipanga hadi Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kikombe cha dawa shilingi 500, ikichemshwa kutokana na mti wa mugariga. Mugariga una kemikali zake, sibishi. Ila wapo walioacha ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, wakidhani wamepona, na virusi havikuwa na habari na kikombe.

Sasa njoo jikoni, maana huko ndiko mama atakakofaidika. Kitunguu chekundu cha Mang'ola kina kwesetini nyingi, moja ya hizo antioksidanti, na nyingi zaidi iko kwenye matabaka ya nje. Ondoa ganda kavu tu. Nawajua nyie, mnamenya mpaka kinabaki kidole! Mnafu na majani ya maboga, usivichemshe saa nzima na kumwaga maji. Vitamini C inakwenda nayo. Pika kwa muda mfupi, weka mafuta kidogo, kwa sababu karotini bila mafuta haifyonzwi sawasawa. Mbaazi na maharage mekundu mnalima wenyewe, mama ale pia. Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na chumvi isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye viungo vya pakiti. Kwa presha ya mama, hiyo chumvi ndiyo ningeanza nayo, kabla hata ya mnafu.

Siku ya kliniki abebe kopo lenyewe, asione aibu. Kuna mimea inayopandisha presha, na mingine inavuruga dawa nyingine mwilini, kwa hiyo daktari lazima aone kilichoandikwa. Kama hakuna orodha ya vilivyomo wala namba ya usajili, shangazi alirudishe. Akikuta muuzaji kahamia mnada mwingine, basi, hela ndiyo imekwenda hiyo.