Kwa Nini Mkono wa Kushoto Hugeuka

Mtoto wa Ibadakuli, huko Usukumani, akikabidhiwa ngoma ndogo ya bendi ya shule, huvishika vijiti vyote viwili kama anavyoshika nyundo, viganja vikitazama chini. Siku akiona gwaride, huenda akakuta mpigaji ambaye kiganja chake cha kushoto kimegeuka juu. Sababu yake iko kwenye ngoma.

Tuanze na kijiti. Urefu wake ni sentimeta 40 hivi. Kikishikwa huwa wenzo, yaani kitu kigumu kinachogeukia mahali pamoja; mahali hapo huitwa egemeo. Kwa kawaida egemeo huwa kwenye theluthi ya urefu, ukipima kutoka nyuma. Kikishikwa hapo kwa wepesi, kijiti hugonga ngozi iliyokazwa na kurudi juu chenyewe. Ukikibana, hakirudi, nawe utalazimika kukiinua kwa nguvu zako kila pigo.

Sasa ngoma. Mpigaji wa gwaride hutembea, kwa hiyo ngoma huning'inia kwa mkanda uliopita bega la kulia na kukaa kwenye paja la kushoto. Ikining'inia hivyo hulala upande: uso wake huinamia kulia, na ukingo wa kushoto huwa juu. Mkono wa kulia hauna shida. Wa kushoto, ukitaka kupiga kwa kiganja chini, ni lazima kiwiko kipande karibu usawa wa bega ili kuvuka ukingo. Mpigaji hawezi kutembea hivyo mwendo mrefu.

Ndipo mkono ukageuzwa. Kijiti hulala kwenye pengo kati ya kidole gumba na cha shahada, ambalo ndilo egemeo, kisha hupita kati ya kidole cha kati na cha pete, kikiegemea hicho cha pete. Pigo hutoka kwenye kigasha, yaani sehemu kati ya kiwiko na kifundo. Kina mifupa miwili, na mmoja huuzunguka mwenzake, kama unapozungusha ufunguo mlangoni. Mzunguko huo mdogo hushusha ncha ya kijiti, na kiwiko hubaki kimetulia ubavuni.

Usukumani zipo ngoma zinazopigwa kwa vijiti, kama katika bugobogobo, mchezo wa majembe. Lakini ngoma ikiwa imesimama wima chini, hakuna ukingo wa kukwepa, na mikono yote hushuka sawa. Hata ngoma za jukwaani husimama hivyo, ingawa wapigaji wengi wa jazi waliendelea kugeuza mkono kwa mazoea. Ringo Starr, mpigaji ngoma wa bendi ya Beatles, hakuugeuza, na baada ya mwaka 1964 vijana wengi walimfuata.

Unaweza kulithibitisha hili nyumbani. Funga kamba kwenye ndoo ya plastiki iliyopinduliwa, ipitishe bega la kulia, kisha tembea uwanjani ukipiga, viganja vyote chini. Bega la kushoto ndilo litakaloanza kuuma.