Bibi Hajarogwa: Daktari Aliyeufuatilia Ugonjwa wa Kusahau

Kijana mwenzangu, hebu fikiria. Bibi anakuuliza jina lako mara tano kwa siku. Usiku anatoka nje, anapotea, anakutwa amesimama mlangoni kwa jirani. Watu wanasemaje? Wengine hucheka. Wengine hunong'ona: "Karogwa huyo!" Au, vibaya zaidi: "Mchawi huyo!"

Ngoja nikupe habari za Dakta Francisco Lopera wa Colombia, Amerika ya Kusini. Alizaliwa mwaka 1951 katika mkoa wa Antioquia. Miaka ya 1980, akiwa bado daktari kijana, alimpokea mwanamume wa miaka arobaini na kitu aliyekuwa akipoteza kumbukumbu. Ajabu! Si huo ni ugonjwa wa wazee? Lopera akauliza: je, baba yake? Babu yake? Kumbe nao waliugua hivyo hivyo.

Wenyeji waliuita ugonjwa huo "bobera", yaani upumbavu. Wengine waliamini ni laana. Lopera na wenzake wa Chuo Kikuu cha Antioquia, mjini Medellín, walikwenda milimani nyumba kwa nyumba, ingawa mkoa ule ulikuwa na waasi na wauza madawa ya kulevya. Wakachora mti wa ukoo: nani kamzaa nani, nani kaugua. Mwishowe ukoo huo ulifikia watu wapatao 6,000.

Basi siri ilikuwa nini? Miaka ya 1990 wataalamu waligundua kasoro katika jeni moja iitwayo presenilini 1. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Kasoro hiyo husababisha protini iitwayo amiloidi kujikusanya kwenye ubongo, na seli za ubongo hufa. Huo ndio ugonjwa wa Alzheimer. Lakini usiogope: wagonjwa wengi wa Alzheimer hawana kasoro hii, na wengi huugua baada ya miaka 65.

Kuanzia mwaka 2013 watu 252 wa ukoo huo walishiriki katika jaribio la dawa. Majibu yalitoka 2022: dawa haikuuzuia ugonjwa. Je, kazi ilikuwa bure? La! Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya mama mmoja wa ukoo huo mwenye kasoro ile ile, lakini kumbukumbu zake zilidumu hadi miaka ya sabini. Alikuwa na badiliko jingine la jeni lililomkinga, na sasa wanasayansi wanatafuta dawa itakayoliiga. Lopera alifariki 2024 bila kuiona tiba. Ila "laana" ilishapata jina lake halisi.

Na wewe je? Bibi akianza kusahau, mpelekeni hospitali. Wakati mwingine chanzo ni upungufu wa vitamini au tatizo la tezi, na hayo hutibika. Usibishane naye, usimcheke. Mwambie jina lako hata mara ya sita.

Jadilini darasani:
1. Kwa nini Lopera aliuliza habari za baba na babu?
2. Mtaani kwenu mzee anayesahau huitwaje? Mtafanya nini kubadili hali hiyo?