Kabla ya Kuuliza Mshahara, Uliza Njia ya Kurudi

Mtahiniwa wa KCSE nchini Kenya hufanya karatasi yake ya mwisho mnamo Novemba, na chuo kikuu kwa kawaida hakimpokei hadi Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Mwenzake wa Tanzania humaliza kidato cha sita mwezi Mei na kuingia chuoni Oktoba au Novemba, na wengi kwanza huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Ni muda unaotosha kuona nchi za watu na kupata fedha kidogo, ndiyo maana katika miezi hiyo matangazo ya kazi hufurika kwenye simu za vijana: Doha, Riyadh, Dubai, Thailand, Urusi. Kijitabu hiki hakimkatazi kijana kusafiri, wala hakimtishi mzazi. Kinashikilia jambo moja tu: mahali pa kwenda papimwe kwanza kwa urahisi wa kuondoka pale, ndipo mazungumzo ya mshahara yaanze.

Sababu ya kwanza ni kalenda. Mkataba wa kazi za nyumbani Uarabuni kwa kawaida ni wa miaka miwili. Usome polepole, kifungu kwa kifungu, na mahali pa kukazia macho ni pale panapotajwa nauli. Mara nyingi utakuta mwajiri analipa tiketi ya kurudi baada ya muda kuisha. Anayevunja mkataba kabla ya hapo hujigharimia mwenyewe, na huenda akadaiwa pia gharama za kumleta. Kijana mwenye nafasi ya chuo mwezi Septemba anayetia saini karatasi hiyo amekwisha kuikana nafasi yake, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo.

Sababu ya pili ni kafala, utaratibu unaofunga kibali cha mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, yaani kafili wake. Ni haki kusema kwamba mambo yamebadilika. Qatar iliondoa ruhusa ya kutoka nchini kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018 na kwa wa majumbani mwaka 2020. Oman, kuanzia Januari 2021, iliacha kudai cheti cha mwajiri cha kutopinga pale mfanyakazi anapohamia kwingine baada ya mkataba wake. Lakini mageuzi ya Saudi Arabia ya Machi 2021 yaliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani, na hizo ndizo kazi wanazopewa wasichana wetu wengi. Kushikilia pasipoti ya mfanyakazi ni kosa kisheria katika nchi kadhaa za Ghuba, na bado hutendeka. Sheria iliyo upande wako haikusaidii sana ukiwa ndani ya nyumba ya mtu, simu imechukuliwa, na hujui hata jina la mtaa. Anayekwenda Dubai kwa viza ya matembezi ili atafute kazi akifika huko yuko pabaya zaidi, kwa kuwa kufanya kazi kwa viza hiyo ni marufuku na mkataba wake haujasajiliwa popote.

Wala hatari haiko Uarabuni peke yake. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi kuhusu mpango uitwao Alabuga Start, huko Tatarstan nchini Urusi. Uliwalenga wasichana wa miaka 18 hadi 22, wengi kutoka Afrika, wakiwemo wa Uganda, Kenya na Rwanda, kwa ahadi ya tiketi ya bure na kazi pamoja na mafunzo katika fani kama upishi na huduma za hoteli. Walipofika, baadhi walijikuta kiwandani wakiunganisha droni za kivita na kushika kemikali zilizowaunguza ngozi. Tangu mwaka 2022 Wakenya na Waganda nao wamekuwa wakiokolewa Myanmar, kwenye vituo vya utapeli wa mtandaoni, baada ya kuahidiwa kazi Thailand. Tazama umri ule wa miaka 18 hadi 22. Ni umri wa msomaji wa kijitabu hiki, na waliouchagua hawakuuchagua kwa bahati.

Wapo watakaosema kwamba Uarabuni kumejenga nyumba na kusomesha wadogo. Ni kweli, na anayekanusha hilo hatasikilizwa na familia yoyote. Mwaka 2024 Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na Saudi Arabia ni miongoni mwa nchi zinakotoka fedha nyingi zaidi. Lakini fedha hizo hutumwa na watu waliokwenda kukaa. Anayekwenda kwa miezi minane au tisa hutumia miezi ya mwanzo kurudisha alichokopa kwa ajili ya pasipoti, vipimo vya afya na wakala, na akirudi kabla ya mkataba kuisha hulipa nauli kutoka mfukoni mwake. Kwa muda mfupi, mshahara mkubwa wa mbali unaweza kumwachia kijana kidogo kuliko mshahara mdogo wa karibu.

Karibu nako kuna mipaka yake. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu 1 Julai 2010, inataja uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, na raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa baina ya nchi hizo tatu tangu mwaka 2014. Kuvuka, hata hivyo, si kuajiriwa. Bado kibali cha kazi kinahitajika, na kazi ambayo mwenyeji anaiweza kwa kawaida hapewi mgeni. Tanzania, kwa amri ya Julai 2025, ilipiga marufuku wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogondogo, ikiwemo ya kuongoza watalii. Kwa hiyo kwa kijana ambaye bado hana taaluma, chaguo bora mara nyingi ni mkoa au kaunti asiyoijua ndani ya nchi yake, kisha akatembee nchi jirani kwa fedha yake mwenyewe. Hapo azingatie misimu. Mashamba ya maua ya Naivasha huwa na kazi nyingi kuelekea Siku ya Wapendanao ya Februari. Hoteli za pwani hupungukiwa wageni wakati wa masika, Machi hadi Mei, hivyo anayeshuka Mombasa mwezi Aprili ataambiwa arudi baadaye. Mtanzania anayemaliza JKT mwezi Agosti hukuta msimu wa watalii Arusha na Zanzibar bado umechangamka.

Wazazi wengine huwa na pingamizi zito zaidi: kijana anayeweza kuondoka wakati wowote ataikimbia kazi siku ya kwanza atakapokaripiwa. Huenda wapo wa namna hiyo. Lakini uvumilivu wa mtu asiye na pa kwenda haumfundishi kijana kuvumilia. Anayebaki kazini akijua basi la kwao linaondoka kila asubuhi ndiye anayejifunza kukaa. Na mwajiri anayejua kwamba mfanyakazi wake anaweza kuondoka huchunga ulimi na hulipa kwa wakati.

Ukishachagua, kagua kama wakala amesajiliwa. Nchini Kenya, orodha ya waliosajiliwa iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mkataba uwe katika lugha unayoisoma, nawe ubaki na nakala yako. Nakala za pasipoti, mkataba na anwani kamili ya mwajiri ziachwe kwa mtu mzima wa nyumbani, pamoja na namba ya ubalozi. Nauli ya kurudi itengwe kabla ya siku ya safari na ishikwe na mtu huyo huyo, wala si na wakala. Kama haijapatikana, safari isubiri hadi ipatikane.