Siumwi, Nimekuja Kupima

"Unaumwa nini, dada?"

Ndilo swali la kwanza nililoulizwa kwenye dirisha la mapokezi, nikababaika. Siumwi, nikamwambia, nimekuja kupima tu. Kijana yule akanitazama, akatazama foleni ya akina mama wenye watoto wa homa, kisha akaandika kwenye kadi: "Uchunguzi wa jumla." Ilikuwa mwaka 2017, nina miaka 38, miezi michache tu tangu tumzike baba. Baba alianguka bafuni alfajiri, akapooza upande mmoja, siku ya tatu akatutoka. Hospitali walituuliza alikuwa anatumia dawa gani za presha. Tukatazamana. Hakuna aliyejua kama ana presha, hata yeye mwenyewe hakuwahi kujua.

Tangu mwaka ule sijaacha kwenda. Ndugu na majirani huniuliza huko kuna nini na kama kunauma, basi leo naandika ninavyofanya.

Maandalizi yanaanza usiku. Nakula kabla ya saa mbili, halafu ni maji matupu mpaka nitolewe damu, kwa sababu kipimo cha sukari kinataka tumbo lililokaa angalau saa nane bila chakula. Hata chai ya rangi isubiri. Ila kama unatumia dawa za kisukari au za presha, usijiamulie kuziacha asubuhi hiyo wala kuzimeza na njaa. Muulize daktari siku chache kabla. Mkobani natia kadi ya bima, daftari langu, chapati mbili za kula nikimaliza, na dawa zote ninazotumia, hata zile za mitishamba. Navaa blauzi ya mikono mipana. Utaona kwa nini.

Mwaka ule wa kwanza nilichelewa, nikashuka kwenye daladala mbio, nikapanda ngazi mbio, na mkojo umenibana. Nikapimwa presha hapo hapo, kitambaa cha kipimo juu ya sweta. Ikasoma 158 kwa 96. Nilimwona baba mbele yangu, mikono ikaanza kutetemeka. Bahati akapita nesi mtu mzima. Nikamwamkia, akaitikia, akaisoma ile namba, akasema, "Mwanangu, nenda kwanza chooni. Ukirudi kaa hapa, egemea, nyayo zote chini, usikunje nne, usiongee na mtu." Akaniacha dakika kama tano. Kisha akanivua sweta, akauweka mkono wangu juu ya meza, usawa wa moyo, akapima mara mbili. Ikawa 134 kwa 84.

Namba hiyo bado ilikuwa juu ya ile ya 120 kwa 80, na daktari hakunificha. Lakini alinieleza kwamba mtu haambiwi ana presha kwa kipimo cha mara moja. Wanaangalia kama inarudia kufika 140 kwa 90 au kupita, siku tofauti. Ndiyo maana nasisitiza: mkipimwa haraka haraka, ombeni kupumzika na kupimwa tena. Si ukorofi. Na kama mkono wako ni mnene, omba kitambaa kikubwa, kwani kidogo kinapandisha namba bure.

Damu ni jambo fupi. Mpira unafungwa juu ya kiwiko, unakunja ngumi, sindano inachoma kama siafu, halafu unaona chupa ndogo zikijaa. Yenye kifuniko cha zambarau ndiyo ya kuhesabu chembe za damu, huko ndiko upungufu wa damu unakoonekana. Nyingine ni za sukari, mafuta, figo na ini. Ukibandikwa pamba, ikandamize huku mkono umenyooka. Ukiukunja, kesho yake utaona alama nyeusi. Mkojo nao, usikinge ule wa mwanzo. Achia kidogo kwanza, kinga wa katikati.

Sukari ya asubuhi ikifika 7.0 watarudia kipimo siku nyingine kabla ya kusema ni kisukari. Kipo pia kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu hivi. Kama una selimundu, au umerithi vinasaba vyake kutoka kwa mzazi mmoja, mwambie daktari mapema, maana kipimo hicho kinaweza kudanganya.

Kisha yanakuja mazungumzo, na hapo ndipo wengi tunapojipunja. Daktari anauliza nani kwenu amewahi kupata kiharusi, kisukari au saratani. Anauliza pombe, sigara, usingizi, wapenzi. Mwaka wa kwanza nilijibu kama niko kanisani. Siku hizi nasema yote, kwa sababu majibu yangu ndiyo yanayomwongoza anipime nini. Virusi vya ukimwi napima kila mwaka, homa ya ini B nilipima, nikakutwa sina, nikachanjwa.

Wanawake wenzangu, kuna kipimo cha shingo ya kizazi. Kwa njia ya siki, unalala, unawekewa kifaa, mhudumu anapaka siki nyepesi na kusubiri dakika moja hivi aone kama kuna sehemu inageuka nyeupe. Utasikia baridi na kama unabanwa kidogo. Nenda siku ambazo huna hedhi. Niliogopa miaka miwili mizima jambo lililoisha kabla sijamaliza kusimulia habari za mwanangu.

Majibu usikubali kuambiwa "uko vizuri" tu ukaondoka. Omba namba, ziandike na tarehe. Ni kwa daftari lile ndipo nilipoona presha yangu ikipanda pole pole, mwaka kwa mwaka, nikapunguza chumvi na kuanza kutembea jioni kabla dawa hazijahitajika.

Mama yangu sasa ana ukurasa wake humo. Aligoma muda mrefu, akisema vipimo vinaita ugonjwa, mpaka nilipompeleka mwenyewe, akakutwa na presha, akaanzishiwa dawa. Kila mwisho wa mwezi anapima zahanati ya kijijini kwao, akitoka tu ananipigia.

"Andika," ananiambia kabla ya salamu. "Mia thelathini na mbili kwa themanini."