Somo la Fedha: Kinachopandisha na Kushusha Bei ya Hisa

Kenya Seed iko Kitale na Nzoia Sugar iko Bungoma, lakini hisa zao haziuzwi katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE). Wakazi wengi wa eneo hili walijifunza mambo ya hisa kupitia kiwanda cha jirani, Mumias Sugar, kilichouza hisa zake kwa umma mwaka wa 2001 kwa Sh6.25 kila moja.

Mwaka wa fedha wa 2012 Mumias ilitangaza faida ya karibu Sh2 bilioni. Mwaka uliofuata ilitangaza hasara ya zaidi ya Sh1.6 bilioni. Hisa zilisimamishwa kuuzwa Septemba 2019, kampuni ilipowekwa chini ya mrasimu; bei ya mwisho ilikuwa senti 27. Kati ya ripoti ile ya hasara na siku hiyo ilipita miaka sita. Aliyeisoma alikuwa na muda wa kuamua. Tatizo ni kwamba wenye hisa wengi vijijini hawakuwahi kuiona.

Ndiyo maana sheria huilazimisha kampuni iliyo sokoni kutoa onyo mapema ikiona faida yake itapungua kwa asilimia 25 au zaidi. Onyo likitoka, bei huanguka, na watu hulaumu tangazo. Lakini hasara ilikuwapo tayari. Bila tangazo, wachache walio karibu na wakubwa wa kampuni wangeuza kwanza na kumwachia mkulima wa Kiminini au Bumula mzigo. Kuuza hisa kwa kutumia siri za ndani ni kosa la jinai.

Mabadiliko ya sheria nayo hugusa bei. Agosti 2016, Rais alipotia saini sheria ya kudhibiti riba, hisa za benki kama KCB na Equity zilishuka mara moja, kwani wawekezaji walijua faida ya mikopo ingepungua. Udhibiti huo uliondolewa Novemba 2019.

Badiliko la Agosti 2025 ni la aina nyingine: sasa mtu anaweza kununua hata hisa moja, badala ya kuanzia 100. Hilo limerahisisha kuingia sokoni, ila haliifanyi kampuni dhaifu kuwa imara.

Kabla ya kununua, mwombe wakala ripoti mbili za mwisho za mwaka za kampuni hiyo, na uhakikishe jina la wakala mwenyewe limo katika orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA).