Sauti ya Juu Iko Juu Wapi?



Ndugu msomaji, ukiwa Nyamityobora alfajiri na adhana ikaanza, hata kwa macho yaliyofumbwa utaelekeza kidole upande inakotoka. Lakini ukiulizwa kipaza sauti kimefungwa kimo gani, kwenye mnara au kwenye paa la jirani, huenda ukababaika. Kulia na kushoto ni swali moja kwa sikio. Juu na chini ni swali jingine kabisa.

La kwanza ni jepesi. Sauti ya kulia hufika sikio la kulia mapema kidogo, na ikiwa na nguvu zaidi, kwa sababu kichwa huikinga isifike la kushoto. Tofauti ya muda haizidi sana sehemu 7 za elfu 10 za sekunde, na ubongo unaitambua. Sasa chukua ndege aliye juu ya utosi wako. Sauti yake hufika masikio yote mawili kwa pamoja. Hakuna tofauti ya kupima.

Hapo ndipo mikunjo ya sikio la nje inapofanya kazi. Sauti hugonga mikunjo hiyo na kurudi, na kulingana na pembe inayoingilia, baadhi ya mitetemo hupunguzwa na mingine hukuzwa. Ubongo husoma alama hiyo. Ila mikunjo ni midogo, kwa hiyo huathiri hasa mitetemo ya haraka, kuanzia kama 4,000 au 5,000 kwa sekunde. Adhana iliyosafiri mbali imepoteza sehemu kubwa ya mitetemo hiyo hewani, na vipaza sauti vingi vya tarumbeta havitoi mingi tangu mwanzo. Ndiyo maana ya kule kubabaika.

Na kila mtu ana masikio ya umbo lake. Mwaka 1998 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walieleza jinsi walivyowawekea watu vibandiko vilivyobadilisha umbo la masikio. Kulia na kushoto walijua vizuri. Juu na chini walipotea. Baada ya wiki kadhaa walijifunza upya. Cha ajabu zaidi (nami hapa husema Subhanallah), vibandiko vilipotolewa, ujuzi wa zamani ulikuwepo palepale, kama lugha ya nyumbani isiyosahaulika.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1930 Mmarekani Carroll Pratt alionyesha kuwa sauti nyembamba husikika kana kwamba inatoka juu, na nene kana kwamba inatoka chini, hata kipaza sauti kikiwa mahali pengine. Mtu atadhani ni lugha inayotudanganya, lakini Kiswahili husema pia nyembamba na nene, na "sauti ya juu" mara nyingi ni kelele tu. Utafiti wa mwaka 2014 uliorekodi sauti za mazingira ya kawaida ulikuta kwamba nyembamba kweli huelekea kutoka juu zaidi. Mimi naona maelezo haya yana nguvu kuliko yale ya lugha.

Usidhani haya ni ya maabara tu. Alama hizohizo za mikunjo ndizo hutofautisha mbele na nyuma. Anayevuka barabara ya Masaka akiwa amefunika masikio kwa kofia nzito, au abiria wa boda ndani ya helmeti, anaweza kusikia honi vizuri na bado asijue iko mbele au nyuma yake. Spika za masikioni zikipigwa kwa nguvu miaka mingi huharibu kwanza usikivu wa mitetemo ya haraka, yaani hiyohiyo tunayoihitaji.

Jaribu bwenini. Fumba macho, mwenzako achezeshe funguo mbele yako, mara juu, mara chini, nawe uelekeze kidole. Kisha jaza mikunjo ya masikio yote mawili kwa unga wa chapati uliokandwa, bila kuziba matundu, na mrudie.