Mambo Matano Niliyojifunza Nikisomea Kazi ya Vijana

Wewe unayejaza fomu ya chuo usomee maendeleo ya vijana, najua unataka kuwa afisa anayesikilizwa. Hata mimi nilijiona nimeshika kipaza sauti, umati ukipiga makofi. Kumbe kazi hii ni ya masikio na karatasi. Nakusimulia mapema, nauli ya kujua nimeshalipa mimi.

1. Uliza umri kabla ya kuuliza ndoto

Katika fildi yangu ya kwanza nilisaidia kikundi cha waosha magari kuandaa maombi ya mkopo wa halmashauri. Jioni nzima niliwauliza ndoto zao, nikaziandika kwa mwandiko wa kupendeza. Jalada likarudi: mwenyekiti ana miaka 37. Ndiye aliyetunza fedha, ndiye aliyeamua ugomvi wao, na kwa mkopo ule hakuwa kijana tena.

Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inamhesabu kijana tangu miaka 15 hadi 35. Umoja wa Mataifa, katika takwimu zake, unaishia 24. Leo sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo zina masharti, na sharti usilolisoma wewe huwaangukia wao. Anza na vitambulisho, ndoto zitafuata.

2. Fulana si ushiriki

Darasani tulisoma ngazi ya ushiriki ya Roger Hart, aliyoitoa mwaka 1992 katika andiko la UNICEF. Ina vidato vinane, na vitatu vya chini havihesabiki kuwa ushiriki hata kidogo: kutumiwa, kuwa pambo, na kuwekwapo kwa jina tu. Nilivikariri vyote, mtihani nikaufaulu vizuri.

Kisha tukawapeleka vijana kwenye mkutano wa kata. Waliimba, wakapigwa picha na fulana zao mpya, wakaambiwa wakapumzike nje wakati bajeti inajadiliwa. Binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sisi tulikuja kufanya nini?" Nilikuwa na alama za juu katika somo hilohilo, na jibu sikuwa nalo. Tangu hapo, kabla ya kumwalika kijana popote, nauliza kwanza ni uamuzi gani utabadilika kwa sababu yuko ndani ya chumba.

3. Ratiba ya kijiwe haipangwi ofisini

Tuliwaita madereva wa bodaboda kwenye mafunzo saa mbili asubuhi, kwa sababu ndipo ofisi hufunguliwa. Mwenyekiti wao akatucheka kwa upole: "Wadogo zangu, saa mbili tunawapeleka watu makazini. Njooni saa nane, jua likiwa kali na abiria wamepungua." Saa nane walijaa.

Ila mwenzangu wa darasa alipofungua daftari la mahudhurio, hakuona jina la msichana hata mmoja. Akaenda saluni iliyokuwa jirani, akakaa kwenye benchi huku wasichana wakisukana. Mikono ilikuwa kazini, midomo huru, na mada yetu ikajadiliwa kwa undani kuliko kijiweni. Cha kushangaza, hakufanya "kikao" chochote. Kijana asipokuja, tazama kwanza saa na mahali ulipochagua, ndipo umwite mvivu.

4. Usiahidi siri kabla hujaisikia

Mwalimu wetu wa ushauri nasaha aliigiza binti wa miaka 16. "Nikikwambia jambo, hutamwambia mtu?" Darasa zima tukaitikia, "Hatutamwambia mtu!" Akafunga daftari. "Mmeshafeli."

Wa miaka 16 ni kijana kwa sera, lakini kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ni mtoto, na anayejua kwamba mtoto anadhulumiwa ana wajibu wa kutoa taarifa. Sema mapema, kwa sauti ya kawaida: "Nitakutunzia mengi, ila ukiwa hatarini itabidi nimwone afisa ustawi wa jamii, na nitakuambia kabla sijaenda." Nilidhani maneno hayo yatawafunga midomo. Wengi huongea zaidi, maana wamemjua anayewasikiliza ni mtu wa namna gani.

5. "Walielimishwa" si ripoti

Ripoti yangu ya fildi ilijaa "vijana walielimishwa" na "vijana walihamasishwa". Msimamizi alizungushia kila kitenzi wino mwekundu, kisha akaandika pembeni: *Halafu nani alifanya nini?* Nikarudi kwenye kumbukumbu zangu, hazikuwa na kitu. Nilikuwa nikiziandika Ijumaa, wiki yote kwa mkupuo.

Ripoti nzuri hutaja kitendo: wawili wamefungua akaunti, kikundi kimebadili mtunza hazina, mmoja amerudi VETA. Hayo ndiyo yatakayokutetea siku bajeti ya vijana inapotafutiwa pa kukatwa, na siku hiyo hupita kila mwaka.

Kwa hiyo, kabla hujanunua suti ya kuripotia chuoni, nunua kaunta buku. Omba fildi katika kata ambako hujulikani, nenda saa wanazokaa wao, na uandike jioni hiyohiyo. Suti utaivaa kwenye mahafali.